KUKIRI KOSA NA HAKI YA KUKATA RUFANI

Ipo njia moja ya kumtia mtu hatiani ambayo haihitaji shahidi, haihitaji kielelezo, wala haihitaji siku ya pili ya kusikiliza shauri. Njia hiyo ni mshtakiwa mwenyewe kukubali. Akisha kukubali, mzigo wote wa dola, yaani kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana, unabebwa na mdomo wa mtu yule yule anayeshtakiwa. Dakika kumi zinatosha. Asubuhi alikuwa mwananchi huru, na adhuhuri yumo ndani ya karandinga.

Je, mtu huyo anaweza kulirudisha neno lake? Na kama amekwisha kuhukumiwa, anaweza kukata rufani? Makada wengi hujibu upesi kwamba hawezi, kwa kuwa sheria imesema hivyo. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika jambo la kifungo ni kitu cha hatari. Hapa Nkuhungu, kama ilivyo katika kata nyingi za Jiji la Dodoma, mwananchi aliyepata hati ya kuitwa mahakamani humwendea kwanza balozi wa nyumba kumi au katibu wa tawi kabla hajamwona mwanasheria yeyote. Anachoambiwa pale ndicho anachokwenda kukisema mbele ya hakimu. Na mara nyingi huambiwa: kubali yaishe. Hatuna budi kuelewa kihistoria jambo hilo linampeleka wapi.

Kizuizi kilikotoka

Waingereza walipoichukua Tanganyika hawakuja na sheria iliyotungwa kwa ajili ya nchi hii. Kwa Amri ya mwaka 1920 walileta sheria za Uingereza, na kwa upande wa jinai wakaazima sheria walizokwisha kuzitumia kuitawala India, ikiwamo Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya India ya mwaka 1898. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mtu aliyekiri kosa na kutiwa hatiani kwa kukiri kwake hana rufani, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mwaka 1930 Tanganyika ilipopata Kanuni ya Adhabu yake na sheria yake ya mwenendo wa mashauri ya jinai, sheria za India ziliwekwa kando, lakini kizuizi kile kikabaki karibu kwa maneno yale yale.

Hapa pana jambo ambalo wanafunzi wa historia hawana budi kulitazama kwa makini. Kule India kifungu hicho kiliwekwa kwa mahakama za juu, mahakimu wa miji mikubwa na mahakimu wa daraja la kwanza. Kilipofika kwetu kilizikumba mahakama zote za chini. Na nani alikuwa hakimu wa mahakama ya chini katika wilaya ya kikoloni? Mara nyingi alikuwa Bwana Shauri mwenyewe au msaidizi wake: yule yule anayekusanya kodi, anayewaagiza machifu, anayetoa amri ya kupunguza mifugo. Ofisa wa utawala alivaa kofia ya uhakimu saa nne asubuhi na kuivua saa sita. Kumwambia mtu wa namna hiyo "hapana" si jambo jepesi kwa mkulima aliyetembea siku mbili kutoka kijijini. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1933 serikali ya Uingereza yenyewe ililazimika kuunda tume, chini ya Bushe, kuchunguza utoaji wa haki katika mashauri ya jinai katika Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kwa hiyo kizuizi cha rufani kilijengwa juu ya dhana kwamba anayekiri anajua anachokikiri. Dhana hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa mfanyabiashara wa Bombay aliyekaa na wakili wake. Kwa mfugaji wa Mpwapwa aliyesimama peke yake mbele ya Bwana Shauri, ilikuwa ni dhana ya mtawala tu.

Tofauti hii tunaiona vizuri tukikumbuka kesi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958. Alishtakiwa Dar es Salaam kwa kashfa ya jinai dhidi ya maofisa wa utawala, kutokana na maandishi katika Sauti ya TANU. Alikana. Alitetewa na mawakili, akiwamo D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, na serikali ikalazimika kuleta mashahidi wake hadharani na kuhojiwa. Alitiwa hatiani, akachagua kulipa faini ya shilingi 3,000 badala ya kwenda jela miezi sita. Lakini wakati huo mambo mengi juu ya utawala wa wilaya yalikuwa yamekwisha kusemwa mbele ya umma. Kukana shtaka si ukaidi. Ni kuitaka dola ifanye kazi yake.

Uhuru ulipopatikana tuliunganisha mahakama kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, na ofisa utawala akaondolewa hatua kwa hatua kwenye kiti cha hakimu. Hilo lilikuwa badiliko kubwa. Kizuizi cha rufani, hata hivyo, hakikuguswa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilikirithi katika kifungu chake cha 360. Kifungu cha 228 cha sheria hiyo hiyo kiliagiza kwamba mshtakiwa asomewe kiini cha shtaka, aulizwe kama anakubali au anakana, na akikubali maneno yake yaandikwe kwa karibu iwezekanavyo kama alivyoyasema, ndipo atiwe hatiani, isipokuwa kama inaonekana ipo sababu ya kutosha ya kutofanya hivyo. (Namba za vifungu hubadilika sheria zinapochapwa upya, kwa hiyo kada akariri maudhui zaidi kuliko namba.)

Maneno hayo, "kama alivyoyasema", ndiyo roho ya jambo lote.

Alisema nini hasa?

Katika Kiswahili neno "kosa" lina kazi mbili. Ni kosa la jinai, na pia ni kukosea tu. Mtu aliyemkwaza mzee wake husema "nimekosa, nisamehe", wala hakusudii kwamba amevunja kifungu fulani cha sheria. Ni adabu. Kadhalika neno "ni kweli". Mshtakiwa akisomewa maelezo marefu yenye mambo sita, na matano yakawa sawa, atasema "ni kweli", na lile la sita ambalo ndilo linalolifanya tendo kuwa jinai litapita humo humo. Tena kwa miaka mingi mwenendo wa shauri katika mahakama za wilaya uliandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Kigogo asiyejua Kiswahili vizuri alisema kwa Kigogo, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa amekiri. Neno limevuka mito miwili. Aliyelitoa asingeweza kulitambua hata angesomewa.

Tuchukue mfano wa mifugo, kwa kuwa tuko Ugogo. Ni desturi ya siku nyingi katika nyanda hizi mtu kumkabidhi rafiki au ndugu ng'ombe wake awatunze. Siku moja mwenye ng'ombe, au mwanawe baada ya baba kufariki, anakwenda na kumswaga ng'ombe kutoka zizi la mtunzaji bila ya kuaga, maana wamegombana. Anakamatwa kwa wizi wa mifugo. Anaulizwa: ulimchukua ng'ombe usiku kutoka zizi la fulani? Anajibu kwa fahari kabisa: ni kweli nilimchukua. Kwake yeye huo ni utetezi! Anasema amechukua cha kwake. Lakini katika daftari la mahakama limeandikwa kukiri. Chini ya Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 wizi wa mifugo ulibeba kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24, 12 anapoingia gerezani na 12 anapotoka. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1972, lakini mfano unaonyesha neno moja lilikuwa na uzito gani mgongoni mwa mtu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na milango yetu. Maeneo mengi yaliyoizunguka Dodoma yalikuwa mashamba kabla hayajawa viwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973, ikapima na kugawa ardhi mpaka ilipovunjwa mwaka 2017, na migogoro kati ya wenye mashamba ya asili na waliopewa viwanja haikuvunjwa pamoja nayo. Sasa mama mmoja anashtakiwa kwa kuingia kwa jinai katika kiwanja. Anaulizwa kama ni kweli ameingia na kulima pale. Anasema ni kweli, nimelima, nalima kila mwaka. Hakuulizwa kama aliingia kwa nia ya kutenda kosa au kumuudhi mwenye milki, wala hakuulizwa kama anaamini eneo ni lake. Tangu mwaka 1992, katika shauri la Sylivery Nkangaa na Raphael Alberto, Mahakama Kuu imekwisha kuweka wazi kwamba shtaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo umiliki wa ardhi yenyewe unagombaniwa na haujaamuliwa katika shauri la madai. Lakini msimamo huo utamsaidia vipi mtu aliyekwisha kuandikiwa kwamba amekiri? Utamsaidia tu akijua kwamba mlango wa rufani haukufungwa wote.

Mlango ulivyosukumwa

Mahakama zenyewe ndizo zilizousukuma mlango huo, shauri baada ya shauri, na jina la kila shauri ni la mtu aliyekataa kukaa kimya. London mwaka 1923, katika shauri la Forde, ilikubaliwa kwamba aliyekiri anaweza kusikilizwa katika rufani ikionekana hakuelewa shtaka au hakukusudia kulikiri, au kwamba kwa mambo aliyoyakubali haiwezekani kisheria kumtia hatiani. Afrika Mashariki ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 1942, katika rufani ya Yonasani Egalu na wenzake iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba kwa kuwa kukiri kunachukua nafasi ya ushahidi, kila kipengele cha shtaka kielezwe kwa mshtakiwa, atakiwe kukikubali au kukikana kimoja kimoja, na majibu yake yaandikwe kwa namna ambayo mahakama ya juu itaridhika kwamba alielewa.

Kisha mwaka 1973 likaja shauri la Adan kutoka Kenya. Hili kada alisome mpaka alielewe, maana ndilo lililopanga hatua. Shtaka na vipengele vyake vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Maneno yake yaandikwe. Kama ni ya kukiri, mwendesha mashtaka aeleze papo hapo mambo yalivyotokea. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga, kuyafafanua au kuongeza. Na akipinga jambo lolote la maana, au akisema neno linalotia shaka juu ya hatia yake, hakimu hana hiari tena: lazima aandike kwamba mshtakiwa amekana, na shauri lisikilizwe kwa mashahidi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu la kwanza. Kukiri kunaweza kurudishwa. Mshtakiwa aliyesema "ni kweli" asubuhi anaweza kusema "lakini ng'ombe yule ni wa baba yangu" maelezo yanaposomwa, na neno hilo la pili linalifuta la kwanza. Hata baada ya maelezo kukubaliwa, anaweza kumwomba hakimu amruhusu kubadili jibu lake maadam adhabu haijatolewa. Mwaka huo huo wa 1973, katika shauri la Kamundi, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba kazi ya hakimu haijakwisha mpaka atoe adhabu. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikuwa imesema hivyo mwaka 1969 katika shauri la kijana wa Manchester aliyetajwa kwa herufi S peke yake. Ombi hilo la mwisho, hata hivyo, liko katika busara ya hakimu, na busara hiyo haina budi kutumika kwa sababu zinazoeleweka. Anayetaka kubadili kwa kuwa amesikia tu kwamba adhabu itakuwa kali hatafika mbali. Anayeonyesha kwamba hakuelewa, au alidanganywa, au alikuwa na utetezi tangu mwanzo, ana haki ya kusikilizwa. Na hata akikataliwa, ombi lake na sababu zake zinaingia katika mwenendo wa shauri, na huko juu zitasomwa.

Baada ya adhabu kutolewa neno halirudi tena mbele ya hakimu yule. Inabaki rufani. Hapa shauri la Laurent Mpinga, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Tanzania na kuchapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 1983, ndilo lililotuwekea msingi wetu wenyewe, na Mahakama ya Rufani imeufuata baadaye. Aliyekiri anaweza kupinga kutiwa hatiani akionyesha kwamba kukiri kwake kulikuwa na kasoro, kulikuwa na utata au hakukukamilika. Au kwamba alikiri kwa kukosea au kutoelewa. Au kwamba hati ya mashtaka haikuonyesha kosa linalojulikana kisheria. Au kwamba hata kwa mambo aliyoyakubali hakuweza kutiwa hatiani kwa kosa lile. Mfugaji wetu na mama yetu wa kiwanjani wote wawili wamo humo. Katika rufani ya Safari Deemay, ya jinai namba 269 ya mwaka 2011, Mahakama ya Rufani iliyoketi Arusha ilikwenda mbali zaidi: katika kosa zito haipendezi mshtakiwa aseme "ni kweli" tu, bali mahakama imtake aeleze kwa maneno yake mwenyewe ni kitu gani hicho kilicho kweli.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni hila za kuwatoa wahalifu. Hawajasoma mashauri yenyewe. Rufani ya namna hii ikishinda, mara nyingi mrufani haendi nyumbani moja kwa moja. Mahakama inaweza kuamuru shauri lisikilizwe upya, na hapo ndipo mashahidi wanapoletwa. Lakini kwa msimamo wa mwaka 1966 katika shauri la Fatehali Manji, amri hiyo hutolewa pale tu haki inapoidai, si kwa ajili ya kumpa mwendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wake. Mwenye hatia bado anaweza kupatikana na hatia. Kinachodaiwa ni kwamba apatikane.

Kukiri kwa makubaliano

Mwaka 2019 jambo hili lilichukua sura mpya. Bunge, kwa Sheria Na. 11 ya mwaka huo, liliingiza utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na kanuni zake zikatolewa mwaka 2021. Mwezi Septemba 2019 Rais Magufuli alikuwa ametangaza muda wa kukiri na kurejesha fedha kwa walioshtakiwa kwa uhujumu uchumi. Taarifa aliyopewa mwisho wa mwezi huo ilionyesha washtakiwa 467 walioomba, na zaidi ya shilingi bilioni 107 zilizotarajiwa kurejeshwa.

Fedha ya umma iliyoibwa irudi. Juu ya hilo hatuna mjadala. Lakini ieleweke kwamba baadhi ya mashtaka hayo, kama utakatishaji fedha, hayakuwa na dhamana. Mtu anayekaa mahabusu mwaka wa pili au wa tatu, upelelezi ukiwa bado haujakamilika, akiletewa karatasi ya kukiri na kuambiwa atakwenda nyumbani jioni, je, anachagua? Bwana Shauri wa 1930 alikuwa na sauti yake na kofia yake. Mahabusu ndefu ina nguvu zaidi ya hivyo viwili. Ndiyo sababu sheria hiyo hiyo iliagiza mahakama imhoji mshtakiwa na kuridhika kwamba anakubali kwa hiari na kwa kuelewa kabla ya kuyasajili makubaliano, na ikaacha njia: aliyetiwa hatiani kwa makubaliano anaweza kurudi mbele ya mahakama iliyomhukumu, akaomba hatia na adhabu vitenguliwe kwa kuwa hakukubali kwa hiari au alipotoshwa. Lakini anayeomba atatakiwa kuonyesha, na hapo tena kila kitu kinategemea kilichoandikwa siku ile.

Kuhusu lugha, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku yakiacha nafasi ya kutumia Kiingereza inapolazimu. Mto mmoja kati ya ile miwili umepungua kina. Mto wa Kigogo, wa Kirangi, wa Kisandawe, bado upo, na mshtakiwa anayo haki ya kudai mkalimani bila ya kuona haya.

Yanabaki mambo ya siku, ambayo yameua rufani nyingi kuliko hoja za sheria. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kwenda Mahakama ya Wilaya. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kwa utaratibu wa Sheria ya 1985, taarifa ya kusudio la kukata rufani hutolewa ndani ya siku 10 na hati ya rufani ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kungojea nakala ya mwenendo na hukumu. Aliye gerezani huwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. Na kama njia ya rufani imeziba kabisa, Mahakama Kuu inao uwezo wa kuyaita majalada ya mahakama za chini kwa marejeo. Nakala ya mwenendo iombwe kwa maandishi siku ile ile ya hukumu, na ikipatikana, jambo la kwanza la kutafutwa ndani yake ni ukurasa ule wa mwanzo, penye maneno aliyoyasema mshtakiwa aliposomewa shtaka.